Methali Zilizokatwa: Tatizo la Tafsiri katika Anwani za Riwaya za Ken Walibora

Mjadala kuhusu tafsiri ya methali aghalabu huanzia mahali pasipoufaa. Swali linaloulizwa kwanza ni hili: methali fulani ya Kiswahili inalingana na ipi ya Kiingereza? Tangu W. E. Taylor alipochapisha mkusanyo wake wa methali za Waswahili mwaka wa 1891, hadi kamusi ya Ndalu na King'ei ya mwaka wa 1989, methali imezoeleka kuonekana ikiwa imesimama peke yake kwenye ukurasa, kamili, ikifuatwa na maelezo ya maana yake. Kutokana na mazoea hayo pamezuka imani kwamba kazi ya mfasiri ni kutafuta pacha: haraka ya huku ioanishwe na haraka ya kule, umoja na umoja, subira na subira. Njia hiyo ina manufaa yake darasani, na hapana haja ya kuibeza. Hata hivyo, haimfai kitu mfasiri anayekabiliana na mwandishi aliyeitwaa methali, akaikata, akatumia kipande kimoja na kukinyamazisha cha pili.

Ken Walibora, aliyefariki dunia Nairobi mwezi wa Aprili 2020, ni mwandishi wa namna hiyo. Anwani za riwaya zake tatu mashuhuri, yaani Siku Njema (1996), Kufa Kuzikana (2003) na Kidagaa Kimemwozea (2012), zote zimetokana na methali au misemo iliyokwisha kuzoeleka. Hakuna hata moja kati yazo iliyo sentensi kamili ya mafunzo. Makala haya yanadai kuwa katika anwani hizo hoja ya riwaya imefichwa ndani ya kile kisichotamkwa, na kwamba mfasiri anayekimbilia methali inayolingana huishia kurudisha kitu kile kile ambacho mwandishi alikiondoa kwa makusudi.

Tatizo la methali kuwa anwani si la Kiswahili pekee. Katika fasihi ya Kirusi, mwandishi wa tamthilia Aleksandr Ostrovsky aliifanya kuwa desturi yake katika karne ya kumi na tisa. Tamthilia yake moja yasema kuwa umaskini si dosari. Nyingine yaonya mtu asipande kigari cha thelujini kisichokuwa chake. Na ile ya mwaka wa 1868 yatangaza kwamba kila mjuzi hakosi ujinga wa kumtosha. Hii ya mwisho imewahangaisha Waingereza kweli kweli. Wapo walioitafsiri neno kwa neno, ikatoka sentensi nzito isiyokalika vyema kwenye tangazo la ukumbi wa michezo. Rodney Ackland aliiacha methali kabisa, akaiita The Diary of a Scoundrel, kwa kufuata shajara ya mhusika mkuu, Glumov, ambayo ndiyo inayomuumbua. Ilipoonyeshwa katika ukumbi wa Old Vic, London, mwaka wa 1988, ilipewa anwani ya Too Clever by Half, msemo wa Kiingereza unaomlaumu mtu kwa werevu uliopita kiasi. Njia zote tatu zimo humo: kufuata maneno, kufuata hadithi, na kubadilisha msemo kwa msemo. Kila moja ina hasara yake. Msemo wa Kiingereza unamwelekezea kidole Glumov peke yake, ilhali methali ya Kirusi inawakusanya wote, hata wale wakubwa wanaodanganywa naye, na hata mtazamaji aliyeketi kitini akiwacheka. Tofauti hiyo si ya mapambo. Ni tofauti ya nani anahukumiwa.

Lakini Ostrovsky alikuwa na faida ambayo Walibora hakuwa nayo. Methali zake zilikuwa zimezaliwa mle mle walimozaliwa watazamaji wake. Walibora alizaliwa Baraki, Bungoma, akalelewa Cherangani upande wa Kitale, kwenye nchi ya mahindi na ng'ombe iliyo kati ya Mlima Elgon na milima ya Cherangani. Huko mashua haionekani, wala hakuna mnazi. Watoto hupewa majina kwa kufuata majira ya kilimo: Wafula na Nafula waliozaliwa wakati wa mvua, Wekesa na Nekesa wa wakati wa mavuno, Simiyu na Nasimiyu wa wakati wa kiangazi. Methali za Kiswahili humfikia mtoto wa huko zikitoka shuleni na vitabuni, zikiwa na chumvi ya bahari ambayo hajapata kuionja. Anafundishwa kuwa mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani kabla hajaona chombo chenye tezi, omo wala ngama. Kwa maana hiyo, Kiswahili chenyewe, mikononi mwa mwandishi wa bara, tayari ni aina ya tafsiri.

Mfano mmoja unatosha kulieleza jambo hili. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mwanafunzi wa Bungoma anapoisikia methali hiyo kwa mara ya kwanza, tembo anayemjia akilini ni mnyama mwenye mkonga, na hapo mgema anakuwa mtu wa ajabu sana. Kinachomzindua si kamusi bali ni sarufi: angekuwa mnyama, methali ingesema humtia, imesema hulitia, basi tembo hili ni la ngeli nyingine. Akishaelezwa kuwa ni pombe ya mnazi, ataifananisha na busaa aijuayo. Mfanano huo nao una kasoro. Busaa haigemwi, hupikwa kwa nafaka, mara nyingi na wanawake, na hunywewa kwa mirija mirefu kutoka katika chungu kimoja. Hakuna anayepanda juu ya mti kisha akasubiriwa chini na wasifuji. Msomaji wa bara hupata mafunzo ya methali, lakini picha huijenga mwenyewe kwa vifaa vya kwao. Mhakiki anayezizungumzia anwani za Walibora hana budi kulikumbuka hili, kwa kuwa wasomaji wengi wa vitabu hivyo walikuwa wanafunzi wa shule za upili, na wengi wao walikuwa mbali na bahari kama alivyokuwa mwandishi.

Siku Njema ndiyo inayodai kuangaliwa kwa utulivu zaidi, kwa sababu ipo tafsiri yake ya Kiingereza, A Good Day, iliyofanywa na Dorothy Kweyu. Methali kamili husema siku njema huonekana asubuhi. Wengine husema nyota njema. Maana yake ya kawaida yafahamika: jambo litakalofaulu huonyesha dalili tangu mwanzo. Ni methali ya watu wanaoamini mwanzo. Mzazi huitumia kumsifu mtoto mwerevu, na mwalimu huitumia kutabiri.

Sasa itazamwe riwaya yenyewe. Kongowea Mswahili ni mtoto wa Tanga asiyelelewa na baba, mwana wa mwimbaji Zainabu Makame, ambaye anamfia angali mdogo. Ujana wake ni wa dhiki na kusimangwa. Anafunga safari ndefu ya kumtafuta baba, safari inayomtoa pwani na kumfikisha bara, hadi Kitale. Neema inamfikia mwishoni. Kama methali ingekuwa kweli, siku ya Kongowea isingeweza kuwa njema, kwa maana asubuhi yake ilikuwa mbaya kupita kiasi. Walibora ameliondoa neno asubuhi katika anwani. Hakuliondoa kwa kutafuta ufupi tu. Amelitoa kwa sababu riwaya nzima inaikana nusu hiyo ya methali: siku inaweza kuwa njema pasipo asubuhi kuitabiri. Msomaji wa Kiswahili, ambaye ulimi wake huikamilisha methali hata asipotaka, huingia kitabuni akiwa na matarajio ya nusu ya pili, na kila ukurasa wa mateso ya Kongowea unayavunja matarajio hayo. Anwani inabishana na methali iliyoizaa.

Hapa ndipo njia ya pacha inapoanguka vibaya. Kiingereza kina methali isemayo kuwa asubuhi huionyesha siku. Kwa mizani ya kamusi, hakuna ulinganifu bora kuliko huo. Kwa mizani ya riwaya, ungekuwa ni uharibifu: ungeirudisha asubuhi ambayo mwandishi ameifuta, na kumfanya mtetezi wa imani ile ile anayoipinga. Mfasiri ameepuka mtego huo, na anastahili kupongezwa. Ameiacha anwani fupi kama alivyoikuta.

Pamoja na hayo, ufupi wa Kiingereza si ufupi wa Kiswahili. Masikioni mwa msomaji wa Kiingereza maneno hayo hayana mkia uliokatwa. Ni kirai kamili kisichodai kitu, na kiko jirani mno na maagano ya kila siku ya kumtakia mtu siku njema, maagano ambayo nayo yamekwisha kuingia katika Kiswahili cha redio na cha ofisini. Msomaji huyo haoni kuwa kuna jambo limenyamaziwa. Isitoshe, Kiingereza humlazimisha mfasiri kuchagua kati ya siku yoyote na siku ile inayojulikana, uchaguzi ambao Kiswahili hakiudai. Kwa kuchagua ya kwanza, tafsiri imeelekea kwenye siku yoyote. Ingechaguliwa ya pili, msomaji angalau angejiuliza: siku ipi hiyo? Swali hilo lisingeleta methali, lakini lingeacha pengo mahali ambapo methali ilikuwa, na kwa mwandishi huyu pengo lina thamani kuliko kipande cha kuliziba. Huenda ikasemwa kuwa huku ni kudai mengi kutoka kwa neno dogo kama kibainishi. Lakini anwani ya maneno mawili haina mahali pengine pa kuegemea.

Kwa upande wa Kidagaa Kimemwozea mambo ni tofauti, kwani hapa msemo umetolewa mzima. Kilichokosekana ni mtu. Kiambishi -mw- kinatuambia kuwa yupo aliyeozewa, lakini hakitaji jina wala jinsia yake. Ndani ya riwaya wanaostahili kuvikwa kiambishi hicho ni zaidi ya mmoja. Yupo Mtemi Nasaba Bora, ambaye dhuluma zake zinafichuka. Yupo pia ndugu yake, mwalimu Majisifu, aliyejipatia sifa kwa mswada ulioibwa wa Amani, mswada wenye anwani hiyo hiyo ya riwaya. Majisifu ameiba maneno yanayotangaza maangamizi yake mwenyewe, akayachapisha kwa jina lake. Kejeli hiyo inawezekana kwa sababu -mw- inasubiri mwenyewe, na haijulikani ni nani hadi hadithi ikomae. Mfasiri wa Kiingereza hatakuwa na nafasi ya kusubiri. Akitumia kiwakilishi, atalazimika kusema mwanamume au mwanamke tangu jalada la kitabu; akikiacha, atabaki na samaki mdogo aliyeoza, pasipo aliyeozewa.

Kiingereza kina msemo wa bata-bukini aliyekwisha kupikwa, unaotumiwa kwa mtu ambaye mambo yamemharibikia. Maana inakaribiana, lakini harufu haipo. Kilichopikwa ni kikavu, kimekwisha, chaweza hata kuliwa. Kilichooza kinanuka, na kunuka ni jambo la hadharani: jirani hujua kabla mwenyewe hajakiri. Udogo nao una uzito wake. Dagaa ni samaki mdogo, na ki- ya udogo imemdunisha zaidi. Kitu kidogo mno kinamfedhehesha mtu aliyejiona mkubwa mno. Katika masoko ya Bungoma na Kitale msomaji anamjua samaki huyo kwa jina la omena, akiwa mkavu, akipimwa kwa gorogoro. Kwa hiyo anajua pia jambo ambalo mtu wa mbali na ziwa hatalijua: omena huoza mvua inapomkuta kabla hajakauka juani. Kuoza kwake ni hasara ya mtu aliyekuwa karibu kufaulu. Ni vigumu kumfikiria Majisifu bila ya kuikumbuka mvua hiyo. Lakini maana hiyo haimo katika kamusi yoyote ya misemo; imeongezwa na soko.

Si kila methali yenye shida za kiasi hiki. Gogol aliiwekea tamthilia yake ya mkaguzi wa serikali methali ya Kirusi, katika toleo la mwaka wa 1842, inayomkataza mtu kukilaumu kioo ikiwa uso wake umepinda. Methali hiyo yaweza kutafsiriwa neno kwa neno katika Kiingereza, katika Kiswahili, au katika Kibukusu, na isipoteze hata chembe, kwa sababu uso na kioo viko kila mahali na methali imetolewa nzima. Ugumu huanza pale ambapo kitu hakipo, au pale ambapo maneno yamekatwa. Unazidi pale ambapo yote mawili yanakutana na desturi, na hapo ndipo ilipo Kufa Kuzikana.

Msemo wenyewe hutumiwa kueleza urafiki: fulani na fulani ni marafiki wa kufa kuzikana. Anwani imeliacha neno marafiki na kubakiza vitenzi viwili tu, kama kwamba ni kifo tupu. Msomaji wa Kiswahili hulijaza pengo bila ya kufikiri; anajua kuwa anakwenda kusoma habari za wapendanao. Kiingereza hakitampa msomaji wake kidokezo hicho, na kwa hiyo pana kishawishi kikubwa cha kutumia kile kiapo cha ndoa, kwamba ni kifo pekee kitakachowatenganisha. Wapo wanaolieleza fungu hili hivyo hivyo. Tafsiri hiyo inasikika vizuri, lakini imegeuza maana juu chini. Katika kiapo, kifo ni mpaka. Kikifika, ahadi imekwisha na aliyebaki yuko huru. Katika msemo wa Kiswahili kifo ndicho kinacholeta wajibu. Urafiki unavuka hatua moja zaidi ya pumzi ya mwisho, hadi kaburini, ambako mmoja anamfanyia mwenzake jambo ambalo hatalipwa kamwe. Ndiyo maana -an- ya kutendana imewekwa kwenye kitenzi ambacho, kwa mantiki kavu, hakiwezi kuichukua. Watu wawili hawawezi kuzikana. Atakayezika ni mmoja, na hakuna kati yao anayejua ni yupi. Ahadi ni ya wote wawili kwa sababu tu bado haijulikani nani atatangulia.

Katika nchi ya Wabukusu, kumzika mtu si jambo la siku moja wala la familia pekee. Mzee wa heshima akifa, baada ya maziko huenda akafanyiwa khuswala kumuse, ambapo mnenaji maalumu, akiwa na fimbo mkononi, hutembea huku na huku mbele ya halaiki iliyotulia, akisimulia asili ya ukoo, akionya, akipatanisha, na akitumia methali ambazo hazifafanuliwi. Manguliechi alijulikana Bungoma na hata nje yake kwa kazi hiyo. Msomaji aliyewahi kuketi kwenye uwanja wa namna hiyo halisomi neno kuzikana kama mtu wa mjini anavyolisoma. Kwake kuzika ni kuueleza ukoo wa mtu mahali pake, mbele ya wanaostahili kusikia. Huenda msemo ulisafiri kutoka pwani ukiwa na sala na sanda. Ulipofika bara ulikutana na fimbo ya mnenaji.

Riwaya inasimulia urafiki wa Akida na Tim, vijana wa makabila mawili yaliyo katika uhasama. Ilitoka mwaka wa 2003, baada ya mapigano ya kikabila ya miaka ya mwanzo ya tisini kuwang'oa watu mashambani mwao katika sehemu za Bungoma, Mlima Elgon na Trans Nzoia. Miaka minne baada ya kuchapishwa kwake, ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 zilirudia yale yale kwa kiwango kikubwa zaidi. Mtu aliyefukuzwa shambani hupoteza pia mahali pa kuzikia na pa kuzikwa, na jirani wa kabila jingine aliyezoea kushika jembe kwenye msiba wake huwa hayupo tena, au yupo upande wa pili. Katika hali hiyo, kumwahidi mtu wa kabila jingine kwamba utamzika ni kumwahidi kuwa utathubutu kwenda kwao, usimame penye kaburi mbele ya ndugu zake, na uhesabiwe miongoni mwao. Kiapo cha ndoa hakiligusi hilo. Anwani ya Kiingereza itakayoufaa msemo huu italazimika kulitaja kaburi waziwazi na kulitaja kama tendo la watu wawili, hata kama sarufi ya lugha hiyo italalamika, na hata kama muuza vitabu atasema kuwa anwani yenye maziko haimvutii mnunuzi.